Umeme wa Kilomita 36,000

Umeme umekata saa saba mchana, friji lina barafu 120 za ukwaju, na mpwa wangu Hamisi kajilaza barazani na simu yake. "Mjomba, kuna watu wanataka kuleta umeme kutoka angani."

"Angani wapi?"

"Kilomita 36,000 juu."

Nikageuka nikaitazama nguzo. Iko pale chini ya mwembe wa Bi Somoe, hatua 40, nimezihesabu mwenyewe nikimsubiri fundi. Umeme umeshindwa kutembea hatua 40, huyu ananiletea wa kilomita 36,000!

Hamisi hakomi. Eti Peter Glaser wa Marekani alilitoa wazo hilo mwaka 1968. Huko juu hakuna mawingu, usiku karibu haupo, paneli zinakula jua tu. Umeme unageuzwa kuwa mawimbi ya maikrowevu, unarushwa chini.

Mke wangu alikuwa anaanua korosho. Akadakia: "Mawimbi ya kupashia wali? Na kuku wangu?"

Hamisi akamtuliza: kwenye michoro yao mawimbi yanafika chini yametawanyika, jua la saa sita linachoma zaidi. Haya, kuku wamepona. Barafu je?

Nikauliza la maana: hiyo antena ya kupokelea, ukubwa gani? Upana kilomita kadhaa. Mtwara hii! Si utang'oa mikorosho ya ukoo mzima, halafu fidia waje kuifuatilia wajukuu wa Hamisi?

"Lakini wameshajaribu, Mjomba. Mwaka 2023, chuo cha Caltech."

"Uliwasha nini?"

Akaifikicha simu. "Kulekule angani uliwasha vitaa viwili. Huku chini walipima tu, wakaona umefika."

Basi huo na wetu ni ndugu. Wetu juzi ulirudi saa mbili usiku, balbu nyekundu kama ncha ya sigara. Hatukuona hata bakuli la mboga, ila tulijua umefika.

Na bei? NASA, shirika la anga la Marekani, walipiga hesabu mwaka 2024: mara 12 hadi 80 ya umeme safi wa ardhini. Mimi hii yuniti ya sasa nainunua kwa kuungaunga, na gesi ya kuuzalisha inachimbwa Msimbati hapo.

Saa kumi watoto wa madrasa wakapita. Nikawauzia barafu kwa kikombe.

"Mzee, mbona ya maji?"

"Kunyweni. Imetoka mbali hiyo."