Masta ya TEHAMA na tasnifu tunayoikimbia

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa napokea swali lile lile, na mara nyingi linaingia usiku, muulizaji akiwa ndio kwanza kafika nyumbani Mbagala au Goba kachoka: "Kaka, nikasome masta ya TEHAMA, au hela hiyo niifanyie vyeti?"

Wanaouliza ni wa aina mbili. Kuna aliye kazini, benki au kwenye taasisi ya umma, anayeona wenzake wanampita. Na kuna aliyehitimu miaka miwili iliyopita, anayetengeneza simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey, huku akisubiri tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Hawa wawili hawawezi kupewa jibu moja, ila mjadala wetu huwapakia wote kwenye daladala moja.

Wanaosema usisome wana hoja nzito, tena nzito kuliko vyuo vinavyopenda kukiri. Mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, ni dola 300. Unajisomea sebuleni, ukifaulu mwajiri anajua kwamba ukipewa ruta na swichi, vifaa vya kuunganisha mtandao, hutazikodolea macho. Masta ni mamilioni ya ada, miezi 18 hadi 24 kwa hesabu ya kwenye karatasi, na jioni nyingi za kusukumana na foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi kutoka Posta hadi Kijitonyama, kilipo chuo cha TEHAMA cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukifika darasani, sehemu ya masomo ni yale yale ya shahada ya kwanza yaliyovaa koti: hifadhidata, mitandao, usimamizi wa miradi. Mtaala hubadilishwa kwa vikao, na teknolojia haijawahi kusubiri kikao.

Halafu kuna imani kwamba masta inapandisha cheo serikalini. Muundo wa utumishi hauendi hivyo. Mwenye shahada ya kwanza huanza kama Afisa TEHAMA Daraja la II, na mwenye masta asiye na uzoefu kwa kawaida humkuta palepale, wakae benchi moja. Uzamili huanza kuwa na uzito baadaye, wanapotafutwa wakuu wa vitengo. Na kama shahada ya kwanza uliisoma kwa mkopo, tayari Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako kabla hujaugusa. Ada ya masta itatoka kwenye hicho kilichobaki, kodi ya nyumba ikiwa imeshachukua chake.

Wapo pia wanaokwenda masta wakitumaini kufundisha chuoni. Hawa huwa nawauliza swali moja tu: shahada ya kwanza ulimaliza na GPA, yaani wastani wa alama, ngapi? Matangazo ya nafasi za wahadhiri wasaidizi yamekuwa yakitaka isiyopungua 3.8 kwa shahada ya kwanza, pamoja na 4.0 ya uzamili. Aliyetoka na 3.1 anaweza kuingia masta bila shida, lakini masta haitarudi nyuma kumfutia ile 3.1. Hili hakuna ofisi ya udahili itakayokwambia kabla hujalipa.

Sasa wanaosema soma. Hoja wanazozitoa mara nyingi ni dhaifu: heshima, jina, "mzee anataka kuona joho". Iliyo bora haitajwi, na ina umri mkubwa kuliko wengi wetu. Mwaka 1974 nchi hii ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kabla ya hapo serikali ilikuwa imejaribu kuingiza hesabu zake kwenye mashine, na jaribio likaenda vibaya. Mashine zilikuwepo, na waendeshaji walikuwepo. Kwa ninavyoisoma habari ile, waliokosekana ni watu wa kukaa kati ya fundi na mwenye fedha, wakauliza mfumo huu unatufaa kwa lipi, utashindwa wapi, na tutajuaje kwamba umeshindwa.

Hao bado hawatoshi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ikayumba nchi nzima, na fundi yeyote mzuri aliweza kukuonyesha kwenye skrini kwamba njia imekufa. Lakini taasisi yako iwe na njia ngapi mbadala, kwa gharama gani, na huduma ipi izimwe kwanza ili nyingine ipumue? Hayo hayamo kwenye mtihani wa ruta. Vivyo hivyo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kampuni inayokusanya namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) na alama za vidole inahitaji mtu anayeelewa sheria, mfumo na hatari kwa pamoja. Vyeti vikubwa vyenyewe vinalijua hilo. CISA, cha wakaguzi wa mifumo, kinadai miaka mitano ya uzoefu, na shahada inakubaliwa kupunguza sehemu ya miaka hiyo. Kwa hiyo ule ugomvi wa vyeti na masta tumeukuza wenyewe.

Mimi naona tunabishana pembeni ya jambo. Masta nyingi za hapa zina nusu mbili: masomo ya darasani, kisha tasnifu, andiko la utafiti wako mwenyewe. Nusu ya kwanza wapinzani wameisema vizuri, mengi yake unaweza kuyapata bure mtandaoni. Cha kununua pale ni nusu ya pili, na ndiyo watu wanayoikimbia. Kila ofisi ya Dar ina mtu ambaye "ameshamaliza darasa, kabakiza tasnifu kidogo", na hiyo kidogo ina miaka minne. Wengine hupitia stationari, wakaandikiwa pendekezo la utafiti mpaka hitimisho, na siku hizi hata stationari inapoteza wateja kwa sababu akili mnemba inaandika kwa dakika tano. Anayefanya hivyo amelipa mamilioni kwa kile cha bure, kisha akakigawa kile cha fedha.

Tasnifu yangu ilihusu kukwama kwa miamala mwisho wa mwezi, kwenye taasisi niliyokuwa nafanyia kazi. Nilikwenda kwa msimamizi nikiwa na jibu mkononi: seva imezeeka, na bajeti ya mpya ilishaombwa. Akaniuliza, "Umejuaje?" Nikajieleza robo saa nzima. Akarudia, "Umejuaje?" Nikarudi ofisini kuchambua kumbukumbu za mfumo za miezi mitatu, nikakuta ripoti moja kubwa, imepangwa na mtu aliyeshahama, inayojiendesha saa ile ile ambayo mishahara inaingia. Tukaihamishia usiku wa manane. Seva ile ile ikaendelea na kazi.

Nisiwapambe wasimamizi kupita kiasi. Sura yangu ya pili ilikaa wiki saba mezani kwa mwalimu huyo huyo bila kufunguliwa, maana wanafunzi ni wengi na wasimamizi ni wa kuhesabu. Ndiyo maana, kwa aliye kazini na mwenye tatizo linalomnyima usingizi, nasema nenda, lakini usichague chuo kwa jina. Ingia kwenye hazina za tasnifu ambazo vyuo vingi vimeziweka wazi mtandaoni, soma za miaka mitatu iliyopita, na uulize msimamizi unayemtaka ana wanafunzi wangapi. Chuo Kikuu Huria kinamfaa asiyeweza kuacha kazi. Anayeweza kuondoka atazame na Carnegie Mellon ya Kigali, au tawi la IIT Madras lililofunguliwa Zanzibar mwaka 2023, ng'ambo tu ya boti. Akienda nje, ahakikishe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwamba shahada hiyo inatambulika hapa.

Kwa asiye na kazi, nilikuwa na jibu fupi: bado. Ile ni ada ya kujificha, na ukitoka, foleni ya ajira utaikuta pale pale. Nilimwambia hivyo kijana wa Aggrey mwezi uliopita. Kisha, kwa kupoteza muda tu akiwa anafungua simu yangu, nikamuuliza ni ugonjwa gani anaupata zaidi. Akanijibu bila kufikiri: mfumo wa chaji, na zinazidi wiki ambazo umeme unakatika sana. Nikamuuliza, umejuaje?

Akavuta daftari kutoka chini ya meza. Miaka miwili, kila simu na tarehe yake, ugonjwa, kilichobadilishwa, na bei.

Fomu nimemwambia asinunue mwaka huu. Aanze kwanza kulihamishia daftari lile kwenye kompyuta.