Tundu la Toledo: Je, Narciso Tomé Aliliharibu Kanisa Kuu?

Wapenzi wa usanifu wa Kigothi, mtindo wa Ulaya ya kale wenye matao yaliyochongoka, husifu karibu kila kitu katika kanisa kuu la Toledo, Hispania, lililoanza kujengwa mwaka 1226 na kukamilika mwaka 1493, mpaka wafike nyuma ya altare kuu, ambapo wengi wao hukunja uso. Hapo ndipo ilipo Transparente, kazi ya msanifu na mchongaji Narciso Tomé iliyoagizwa na Askofu Mkuu Diego de Astorga y Céspedes na kuzinduliwa mwaka 1732: ukuta wa marumaru, alabasta na shaba uliosheheni malaika na, jambo linalowaudhi zaidi, dari ya karne ya 13 iliyotobolewa ili jua liingie.

Malalamiko yao yana uzito. Antonio Ponz, aliyezunguka Hispania akiandika juu ya sanaa zake katika miaka ya 1770, aliishutumu kazi hii vikali, na tangu hapo imekuwa kawaida kuitaja kama mfano wa mapambo yaliyopita kiasi. Gharama inayotajwa, dukati (sarafu za zamani) 200,000, haisaidii kuitetea. Isitoshe, askofu anayeruhusiwa kutoboa dari ya wazee wake kwa kuwa mtindo umebadilika huwafungulia mlango wenzake watakaotaka kufanya hivyo baadaye.

Hata hivyo, lawama hizi husahau shida iliyomleta Tomé kazini. Nyuma ya altare kuna ujia unaozunguka, na waumini walioupita hawakuweza kuiona Ekaristi iliyohifadhiwa upande wa pili wa ukuta. Ilibidi ukuta upenywe ili Sakramenti ionekane kutoka pande zote mbili. Lakini ujia ule ulikuwa na giza, na uwazi unaotazama gizani haumwonyeshi mtu kitu. Kwa hiyo mwanga ulipaswa kutoka juu.

Namna alivyoupata mwanga huo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Katika dari ya Kigothi, uzito hubebwa na mbavu za mawe, na kinachojaza nafasi kati yake ni kama turubai juu ya miti ya hema. Tomé aliondoa mawe ya kujazia, akaziacha mbavu, kisha akazifunika kwa mawingu na malaika na kujenga juu yake chumba chenye dirisha lisiloonekana kwa aliyesimama chini. Asingethubutu kufanya hivyo chini ya kuba nzito ya Kirumi. Anayemwita adui wa Ugothi atueleze basi ni nani mwingine katika karne ile aliyezielewa mbavu zile vizuri kiasi hicho.

Nashuku pia kwamba wengi huihukumu kwa picha. Picha huonyesha altare peke yake, yenye Karamu ya Mwisho sehemu ya juu, malaika mkuu Rafaeli aliyeshika samaki wake, na nguzo ambazo uso wake umechongwa kana kwamba ngozi inabanduka. Bila mwanga, vyote hivyo huonekana msongamano mtupu. Lakini tundu liko nyuma ya mtazamaji. Ni lazima ageuke na kuinua kichwa ndipo amwone Kristo juu ya mawingu kati ya manabii, na kutambua kwamba vitu hivi viwili ni kazi moja.

Na huo usafi wa mtindo unaodaiwa kuvunjwa ulikuwepo lini? Viti vya chini vya kwaya vilichongwa mwishoni mwa karne ya 15 vikionyesha vita vya Granada, vile vya juu vikafuata miaka ya 1539 hadi 1543 kwa mtindo wa Mwamko (Renaissance). Kuzunguka altare kuu kuna matao yanayopishana kwa ufundi wa Kiislamu. Na sakristia, chumba cha mavazi na vyombo vya ibada, ina mchoro wa El Greco chini ya dari iliyopakwa rangi na Luca Giordano.

Leo kibali cha kutoboa dari ile kisingetolewa, nami nisingekiombea. Lakini kuliziba tundu sasa, kama usafi huo unavyodai, kungetuachia mawe mapya yaliyoigizwa mahali pa kazi halisi ya karne ya 18, na ujia wenye giza.