Leta timazi, tisheti si lazima

Jumamosi moja walikuja Bugarika, mtaa wa mlimani hapa Mwanza, vijana kama ishirini wa ofisi fulani ya mjini, tisheti mpya za rangi moja, kumsaidia mama muuza dagaa kuinua vyumba vyake viwili. Walibeba matofali kutoka barabarani hadi juu mlimani, na kwa hilo nawavulia kofia. Anayeijua Bugarika anajua kwamba lori linaishia chini, kilichobaki ni kichwa na miguu yako, na mfuko wa saruji ni kilo 50 hata uubembeleze vipi.

Balaa lilianza mchana, walipotaka nao washike mwiko wapigwe picha. Jumatatu mimi fundi nikapita na timazi, ule uzi wenye uzito chini wa kupimia kama ukuta umesimama wima. Juu uzi umegusa tofali, chini vidole vyangu vitatu vinapita. Tukabomoa kozi nne, yaani mistari minne ya matofali, na saruji ya mama ikapotea hivyo hivyo.

Sisemi watu wasijitolee. Msaragambo tumezaliwa tumeukuta. Ila mtu wa kipato cha chini hapa Mwanza hakosi mikono: ana wapwa, ana majirani, ana jumuiya ya kanisani. Anachokosa ni jicho la fundi, maana hilo linalipwa kwa siku, na hela ya siku hana.

Tena kwenye miamba hii yetu jicho hilo ndilo nyumba yenyewe. Mawe tunayo: jiwe linachomwa moto, linapasuliwa kwa nyundo, kina mama wanaponda kokoto kivulini. Kwa hiyo ukuta wa kuzuia udongo kila mtu anadhani anaujua. Anaupanga vizuri, anauziba kila upenyo, anasahau kuacha matundu ya kutolea maji. Masika ikija, udongo wa nyuma unalowa, unakuwa mzito, maji hayana pa kutokea, ukuta unasukumwa. Nimewahi kukuta mmoja umelala juu ya jiko la jirani wa chini, sufuria imebanwa bapa kama sahani. Vipande vichache tu vya bomba vingetosha, na mtu wa kusema viwekwe wapi.

Hayati Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alianza kujenga na Habitat for Humanity, shirika linalowajengea nyumba wenye kipato kidogo, mwaka 1984 na akaendelea hadi uzeeni kabisa. Wengi wanasifu unyenyekevu wake. Mimi nasifu kwamba alikuwa seremala kweli, anayetengeneza samani kwa mkono wake. Hakwenda kujifunzia kwenye nyumba ya mtu.

Tusimwonee fundi lakini. Anaishi kwa kibarua cha leo. Ukimwomba wiki nzima ya bure, umewaomba wanawe walale njaa. Mwombe nusu siku tatu: ya kupima msingi, ya kumwaga lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), ya kupandisha kenchi, zile mbao za kubeba paa. Hapo ndipo kosa likishaingia halitoki. Fundi umeme naye mwombe siku ya kutandaza nyaya, kabla lipu haijapigwa. (Na chai iwepo. Anayeniita bure akasahau chai, hanioni tena.)

Ukuta wa mama tuliurudisha. Jumamosi iliyofuata kijana mmoja katika wale alipanda tena, safari hii na shati kuukuu, akauliza timazi inashikwaje. Nikampa, nikamwambia asisome kitu mpaka itulie.