Koti juu ya kanzu: tatizo ni pindo, si bei

Koti fupi la kubana, lile linaloishia katikati ya makalio, halifai kuvaliwa juu ya kanzu. Nalisema wazi kwa sababu kila Idi naona linazidi kuenea. Unamkuta kijana ana mwili mzuri, kanzu nyeupe pe, kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono miezi kadhaa, halafu kavaa juu yake koti linalomkata vipande viwili. Pesa hakuzionea uchungu. Lililomponza ni pindo.

Sababu yake iko machoni. Kwenye suti, koti na suruali ni kitambaa kimoja, kwa hiyo jicho linateremka kutoka begani hadi kiatuni bila ya kukwama, na koti likiwa fupi kidogo linasameheka. Kanzu haisamehi. Koti jeusi juu ya kanzu nyeupe linachora mstari ulionyooka kiunoni, na mahali pa mstari huo ndipo umbo lote linapoamuliwa. Ukikaa juu mno, kiwiliwili kinafupika na kanzu iliyobaki chini inaonekana kama gauni. Ukishuka mpaka makalio yote yafunikwe, juu na chini vinapatana na mtu anaonekana amesimama imara. Ndiyo maana nawapendelea wanaovaa koti la kijivu au kahawia nyepesi: rangi zikikaribiana, mstari unapungua ukali.

Kipimo cha mafundi wa zamani ni chepesi. Pima kutoka shina la shingo, nyuma, mpaka sakafuni, kisha gawa kwa 2. Mtu wa sentimita 170 atapata kama 145, kwa hiyo koti lake liwe la sentimita 72 au 73. Wapo wanaopima kwa kidole gumba mkono ukiwa umening'inia, lakini mikono ya watu haifanani urefu, na mimi kipimo hicho sikiamini.

Ufupi huu una asili yake. Mbunifu Hedi Slimane alipokuwa Dior Homme, tawi la nguo za kiume la Dior ya Paris, kati ya 2000 na 2007, alilibana koti la kiume likawa jembamba kabisa, na mbunifu Thom Browne wa New York akalifupisha pamoja na suruali yake, mpaka kifundo cha mguu kikawa nje. Wote wawili walijua wanachokifanya, maana walikata vazi zima, juu na chini, kwa hesabu moja. Kilichotufikia sisi madukani ni nakala ya nakala, koti peke yake. Na katika waliolikata, hakuna aliyefikiria kwamba chini yake kutakuwa na kanzu.

Hata kwa suruali, koti hili fupi lina walakini kwangu. Mtu anatoka ofisini adhuhuri, anapita msikitini, anarukuu, na koti linapanda mpaka juu ya mkanda. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku hizi hata ya kununua haisitiri. Vazi la heshima lililoshindwa kazi ya sitara limeshindwa kazi yake ya kwanza.

Baada ya urefu ni bega, na hapa ndipo ningependa vijana wachelewe zaidi mbele ya kioo. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukizidi nje, mkono unaanza chini, kunabonyea, na mtu anaonekana amevaa koti la kaka yake. Ukiwa ndani, mkono unavuta na juu yake kunatokea uvimbe. Kisha geuka, mwenzio akutazame nyuma: kola ya koti iigande shingo. Kwenye shati kuna kola ya kuficha kasoro, lakini kanzu ya Kiomani haina kola, kwa hiyo koti lililoachia nafasi shingoni linaonekana na kila aliyesimama safu ya nyuma yako.

Tundu la mkono nalo halizungumzwi kabisa. Watu wengi hudhani likiwa kubwa ndiyo raha. Kinyume chake: likiwa juu, karibu na kwapa, unanyanyua mikono kwa takbira na koti linabaki mahali pake. Likiwa chini, koti zima linapanda na mikono yako.

Kuhusu vifungo sitasema mengi. Cha chini hakifungwi, na wasimulizi wanampa sifa hiyo Mfalme Edward VII wa Uingereza, ambaye kitambi chake kilimlazimisha kukiacha. Cha juu kikae karibu na kitovu. Ukikifunga na ukaona mikunjo inayokutana kwenye kifungo mfano wa herufi X, koti linakubana, hata muuzaji aape vipi. Juu ya kanzu, wengi wetu tunaliacha wazi, nami naliunga mkono, hasa kwa mwenye tumbo: kingo mbili za mbele zinashuka wima na kumrefusha. Ila lazima zishuke wima kweli. Zikiachana na kukimbilia nje, koti limekatwa vibaya, na hilo halina dawa. Nyuma nachagua mipasuo miwili ya pembeni badala ya mmoja wa katikati, maana mifuko ya kanzu iko ubavuni na mkono unapita bila ya kulipandisha koti lote mgongoni.

Watazame wazee wanapotoka sala ya Ijumaa Mji Mkongwe, au Chake Chake kwa ndugu zetu wa Pemba. Koti la mzee ni refu kidogo, bega lake laini, mbele wazi, chini makubadhi. Halijabana popote na halijapwaya popote. Pengine lina umri wa miaka mingi, na bado yule kijana wa koti jipya akisimama pembeni yake, jicho linamwendea mzee.

Ulaini huo unahusika pia na joto. Kule Naples, mji wa Italia wenye jua kali, fundi Vincenzo Attolini alianza katika miaka ya 1930 kuyatoa makoti pedi na mazagazaga ya ndani, yakawa mepesi karibu na shati. Sisi wenye kaskazi la Januari tungepaswa kuwa wa kwanza kudai hivyo: kitani au sufu nyepesi, bitana nusu mgongo. Badala yake tunauziwa poliesta yenye bitana kamili, na kifuani kitambaa kilichogandishwa kwa gundi, ambacho baada ya kufuliwa mara chache huvimba malengelenge.

Kwa bei ya koti kama hilo, mitumba ya Darajani, Unguja, ina makoti ya zamani ya sufu yaliyokatwa kwa urefu unaostahiki. Nunua lile ambalo bega limekukaa na urefu umekutosha, mengine mwachie fundi. Kiuno anakipunguza, mikono anaifupisha, bitana anaitoa nusu. Bega kulishusha ni kulishona koti upya, na urefu ukipunguzwa zaidi ya sentimita 2 hivi, mifuko inabaki imelikaribia pindo. Urefu ambao haupo hakuna wa kuuongeza.

Ukienda kupima, nenda umevaa kanzu yenyewe utakayoivalia, si shati na suruali. Na uende kabla ya Ramadhani, kwa sababu kumi la mwisho mafundi wamezama kwenye kanzu za Idi na hakuna atakayekushikia koti kwa utulivu linaoutaka.