Usinipe orodha, nipe wimbo mmoja

Swali la "siku hizi unasikiliza nini?" mimi nalipenda sana, ila majibu yake mengi siyapendi kabisa. Ngoja nieleze kabla hamjanirukia.

Tuna kagrupu ketu ka WhatsApp, watu tisa, wote wagonjwa wa muziki, na karibu kila Jumapili jioni lazima mtu mmoja aliulize hilo swali. Basi hapo ndo utaona mambo. Mmoja anashusha majina kumi na tano mstari kwa mstari, hakuna maelezo hakuna nini, mwingine anatuma pleilisti ya saa sita, mwingine anataja bendi ambayo hakuna mtu amewahi kuisikia halafu ananyamaza, anasubiri tumuulize. Tunatupia emoji za moto, tunaandika "nitaicheki", na hakuna anayeicheki. Mimi peke yangu nimeshaahidi kusikiliza vitu ambavyo hata nikiishi miaka mia sitavimaliza.

Na tena tunadanganya. Sio uongo wa kumpeleka mtu motoni, lakini ni uongo. Mtu akikuuliza unasikiliza nini, unamtajia kile ungependa akujue nacho. Juzijuzi niliumbuka vibaya. Niliandika kwa mbwembwe zote kwamba niko na Kind of Blue, albamu ya jazz ya mpiga tarumbeta Miles Davis, nimezama, nasikiliza taratibu upande kwa upande kama mtu mzima. Dakika haijaisha jamaa yangu mmoja kanitumia skrinshoti. Kumbe ile programu ya muziki kwenye laptopu inawaonyesha marafiki zako unachopiga muda huohuo, na mimi sijawahi kuizima. Jina langu lile pale, na chini yake: Dancing Queen, ABBA. Ilikuwa mara ya nne mfululizo, ila namshukuru Mungu skrinshoti haihesabu.

Wiki nzima nikaitwa Malkia. Nilipoona nimeshaumbuka nikasema potelea mbali, nikaandika ukweli wote. Nikawaambia wimbo ni wa 1976, naurudia kwa sababu ya unavyoanza. Sikilizeni: mkono unateleza kwenye vibao vya piano, vuuuup, sauti zinaguna kidogo, halafu mnatumbukizwa kwenye kiitikio, na sio mwanzo wa kiitikio, ni nusu yake ya pili. Yaani hakuna aliyekukaribisha, hakuna aliyekusimulia chochote, unafungua mlango unakuta shughuli imeshapamba moto na wewe ndo umechelewa. Beti la kwanza linakuja baadaye, kama mtu anayekusogelea kukueleza yaliyotokea kabla hujafika. Na wale wadada wawili wa ABBA, Agnetha na Anni-Frid, wanaimba kwa pamoja kiasi kwamba usipojua unadhani ni koo moja kubwa.

Mnajua nini kilitokea? Watu watatu walienda kuusikiliza usiku uleule. Watatu! Mmoja akarudi kubisha kwamba kinachobeba wimbo ni besi, mwingine akaleta nyimbo nyingine zinazoanzia katikati, tukakesha. Kwa miaka yote ya hilo grupu hatujawahi kuongelea muziki vile. Tulikuwa tunaongelea majina.

Kwahiyo msimamo wangu ndo huo. Ukitaka kuniambia unasikiliza nini, nipe wimbo mmoja, na uniambie nitegeshe sikio wapi. Kwenye dakika ipi, chombo kipi, sauti ipi. Hapo nitaacha ninachofanya nivae hedifoni. Ukinipa majina kumi na tano nitakuwekea emoji.

Wimbo uliokaa na mimi muda mrefu kuliko yote miaka hii nilipewa hivyohivyo, kwa voisi ya sekunde kama arobaini. Ni Mario, rumba ya Kongo ya Franco na bendi yake TPOK Jazz, ya 1985. Nilikuwa naujua, nani asiyeujua, lakini nilikuwa naujua kwa kupita tu, ukianza kuchosha naruka. Ni mrefu jamani, umevuka dakika kumi. Sasa huyu bwana aliyenitumia voisi akaniambia hivi: mara ya kwanza usihangaike na maneno, shikilia besi tu. Mara ya pili msikilize mwimbaji wake Madilu System anavyoimba na Franco anavyoongea, maana Franco pale sehemu kubwa haimbi, anasema kama mzee aliyevuta kiti. Mara ya tatu ndo ufuate gitaa.

Nikafanya. Mara ya kwanza nikachoka. Mara ya pili nikaanza kucheka, maana Kilingala changu ni cha kuokoteza lakini kisa kinaeleweka: kijana mzima, kasoma, anakula kwa jasho la mama mtu mzima, na Franco anamchambua bila haraka kama anavyochambua mchele. Mara ya tatu zile gitaa zikanimaliza. Moja inarudia kitu kilekile, kidogo tu, haichoki, nyingine inacheza juu yake, na wewe unagundua kwamba ule urefu uliokuwa unakukera ndo wenyewe, ukiukata unakuwa wimbo mwingine. Tangu hapo nikisikia mtu anasema rumba "inajirudia" namuangalia tu. Ndiyo inajirudia. Hata mapigo ya moyo.

Najua kuna watakaosema mbona sasa hivi hakuna haja ya kuulizana, programu yenyewe inajua unachosikiliza, mwisho wa mwaka inakuletea ripoti na rangi rangi. Aisee. Ripoti yangu ya mwaka jana namba moja ilikuwa sauti ya mvua. Mvua! Naiweka nikilala. Namba mbili wimbo wa watoto ambao binti wa dada yangu alikuwa akinyang'anya simu anaupiga mpaka nyumba nzima tunaota nao. Spotify ikishakupigia sekunde 30 za wimbo inahesabu umesikiliza, iwe ulikuwa umekaa kitako umefumba macho au ulikuwa bafuni simu imebaki mezani. Ile ni hesabu ya spika. Ya moyo haipo pale. Halafu watu wanaipachika kwenye stetasi kama matokeo ya mtihani, "nimesikiliza dakika elfu sijui ngapi", sawa hongera, lakini ulisikia nini?

Hapa kuna kitu kimoja kidogo ambacho nakipenda mpaka basi. Walkman ya kwanza ya Sony, kile kifaa kidogo cha kupigia kaseti ukitembea, kilichoingia sokoni Julai 1979, ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. Mawili. Akio Morita, bosi wa Sony, aliona ni kama utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki wake peke yake wakati mwenzake yuko pembeni, kwahiyo wakaweka la pili, na kitufe cha rangi ya chungwa, ukikibonyeza muziki unashuka, kipaza sauti kidogo kinachukua maneno yenu, mnaweza kuongea bila kuvua hedifoni. Ni kifaa kilichotengenezwa huku mtu akiwaza kwamba katikati ya wimbo utataka kumgusa mwenzako umwambie "umeisikia hiyo?". Baadaye wakagundua kila mtu anataka ya kwake, wakaviondoa. Mimi nikifikiria kile kitufe naona hasara tupu, bora wangeondoa hata redio... ah, ile haikuwa hata na redio.

Nirudi kwa Miles Davis maana nisije nikaonekana muongo moja kwa moja. Kind of Blue naisikiliza kweli, ila sio kwa sababu niliyokuwa nawaringishia. Nilikuwa nafukuzia kasoro. Albamu ilirekodiwa 1959 kwa siku mbili tofauti, Machi 2 na Aprili 22, na ile siku ya Machi mashine ya kurekodia ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Sasa tepu iliyorekodiwa polepole ukija kuipiga kwenye kasi ya kawaida inakwenda haraka, na sauti inapanda juu. Kwahiyo nyimbo tatu za upande wa kwanza zilitoka zimepanda kidogo, na zikabaki hivyo miaka zaidi ya thelathini, mpaka toleo la 1992 ndo likarekebisha. Watu wamezaliwa, wameoa, wamejukuu na albamu imepinda vile! Mtu akichukua chombo chake apige sambamba na rekodi anakuta haviendani, anadhani kosa ni lake.

Nikatafuta matoleo yote mawili, nikaweka hedifoni nzuri, nikapiga So What, wimbo wa kwanza wa albamu, toleo la zamani, nikapiga lililorekebishwa, nikarudia. Nitasema ukweli hapa kwa kuwa nimeshazoea kuumbuka: mara tatu za kwanza sikusikia tofauti yoyote, nikajifanya nimeisikia. Mara ya nne nikasikiliza ile tarumbeta tu, nikaacha vingine vyote, nikahisi lile la zamani lina kaharaka fulani, kama mtu anayeongea huku anaangalia saa. Labda ni masikio yangu yanatafuta yalichotumwa. Lakini nusu saa nzima nilikuwa ndani ya wimbo mmoja, simu iko chini, jambo ambalo sijui mara ya mwisho lilinitokea lini.

Sasa kuna sehemu hoja yangu inachechemea na bora niiseme mwenyewe kabla wadau hamjaiona. Albamu ninayolala nayo siku hizi (mvua nimeipumzisha) nimeipata kwenye orodha. Orodha ndefu, ya kukera, ya yuleyule jamaa wa majina kumi na tano, ilikuwa namba kumi na moja. In the Heart of the Moon, ya Ali Farka Touré na Toumani Diabaté, 2005. Gitaa na kora tu kwa sehemu kubwa, imerekodiwa Bamako kwenye hoteli iliyo ukingoni mwa mto Niger. Kora, kile chombo cha nyuzi cha Afrika Magharibi, ina nyuzi 21, na Toumani akizichezea unahisi kuna watu watatu, na Ali pembeni na gitaa lake wala hashindani naye, anamwekea njia tu, kama mtu anayemshikia mwenzake taa. Ilipata Grammy Februari 2006, Machi Ali akafariki. Toumani naye ametutoka Julai 2024. Naisikiliza usiku taa zimezimwa na mara nyingi sifiki mwisho, usingizi unanipitia kwenye wimbo wa nne au wa tano, kwahiyo nusu ya pili ya hiyo albamu naijua kwa ndotoni.

Nilimuuliza yule jamaa kwanini aliizika namba kumi na moja kitu kama hiki, mbona hakusema neno. Akanijibu, "Kaka, mimi hiyo sijaisikiliza vizuri, niliiweka tu." Mnaona! Ameniokotea dhahabu kwa bahati tu, na yeye mwenyewe hajui anayo mfukoni.

Basi Jumapili iliyopita zamu ya kuuliza ikaniangukia mimi. Nikabadilisha swali, nikaandika: wimbo mmoja tu, na utuambie tusikilize wapi. Grupu likapoa. Watu waliozoea kumwaga majina kwa dakika mbili wakawa kimya kama wamepewa mtihani wa hesabu. Wawili wakajibu siku ileile na wakajibu vizuri, mmoja akaniambia nimekuwa dikteta. Yule wa majina kumi na tano alikaa siku mbili, namuona yuko hewani, anaandika, anafuta, anaandika. Jumanne usiku ikaingia voisi ya sekunde 11. Hajataja jina la wimbo wala la msanii. Anaguna tu, besi, tum tum, tutum, tum, halafu anacheka peke yake, halafu imekatika.

Nimempigia hapokei, anasema nitafute mwenyewe. Nimeigunia simu, ikaniletea nyimbo tatu, zote sizo. Leo ni Ijumaa na ile tutum bado iko kichwani.