Kloridi, Usanisinuru na Mbolea ya Viazi Molo

Katika maduka ya pembejeo kuanzia Njoro hadi Molo, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, mkulima wa viazi anaweza kupewa kauli mbili zinazogongana kuhusu kloridi ya potasiamu, mbolea ambayo wengi huiita myurieti. Upande mmoja huisifu kwamba kloridi yake, yaani klorini iliyo katika umbo la chumvi, hulisaidia jani kutengeneza chakula kwa mwanga (usanisinuru). Upande wa pili huonya kwamba ni chumvi inayoharibu shamba. Kila upande una ukweli wake, ila naona kila mmoja umeutumia kupita kiasi.

Wanaoisifu hawakubuni. Katika miaka ya 1940 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba kloroplasti, yaani vijisehemu vya seli ambamo usanisinuru hufanyika, zilizotolewa kwenye jani na kuondolewa kloridi hushindwa kutoa oksijeni kama kawaida, na zikirudishiwa kloridi huendelea na kazi. Mwaka 1949 Daniel Arnon na F. R. Whatley walihoji kama kweli ni kiungo cha lazima cha usanisinuru, lakini mwaka 1954 T. C. Broyer na wenzake huko California waliinyima nyanya kloridi, ncha za majani zikanyauka, na tangu hapo kloridi ikahesabiwa miongoni mwa virutubisho ambavyo mmea hauwezi kuishi bila. Mwaka 2011 watafiti wa Japani walichapisha picha ya kina ya fotosistimu ya pili, sehemu ya kloroplasti ambamo maji hupasuliwa kwa nguvu ya mwanga. Karibu na kishada cha atomu nne za manganizi na moja ya kalsiamu waliona ioni mbili za kloridi, ambazo hazishikani na manganizi moja kwa moja. Inaelekea kazi ya ioni hizo ni kuzuia sehemu za protini zisikamatane na kuziba njia ambayo protoni hupitia kutoka. Kloridi ikikosekana, upasuaji wa maji hukwama katikati.

Hata hivyo, kuhitaji si kupungukiwa. Mtafiti Norman Terry, mwaka 1977, alikuza biti za sukari bila kloridi, akakuta ukuaji umepungua sana kwa sababu seli za majani ziligawanyika polepole, ilhali kasi ya usanisinuru kwa eneo la jani haikushuka. Ushahidi huo naupa uzito mkubwa, kwa kuwa unahusu mmea mzima na si kloroplasti ndani ya chupa. Tena kiasi kinachohitajika ni kidogo mno: gramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo ya mmea mkavu. Tuseme ekari moja imetoa tani 3 za mmea mkavu, majani na viazi pamoja. Mahitaji yake hayafiki kilo moja na nusu. Gunia moja la kilo 50 la myurieti lina takriban kilo 23 za kloridi. Kwa hiyo kuinunua kwa ajili ya usanisinuru ni hoja dhaifu. Sababu ya haki ya kuinunua ni potasiamu yake, na bei yake iliyo nafuu kuliko ya salfeti ya potasiamu.

Je, wanaoiogopa? Kloridi haishikwi sana na udongo, hivyo mvua za masika huko Molo huisukuma chini, na mahindi au miwa ya Muhoroni huivumilia vyema. Viazi ni habari nyingine: kloridi nyingi huvifanya vibebe maji zaidi na wanga kidogo, jambo linalomwumiza anayekuza Dutch Robijn kwa ajili ya krispi kuliko anayeuza Shangi sokoni kwa kupikia. Maharagwe nayo huathirika upesi, na tumbaku ya Migori yenye kloridi nyingi huwaka vibaya. Katika vivungulio, ambako mvua haifiki kuosha chumvi, tahadhari ya wanaoiogopa ina msingi kamili, na maji ya kisima yapimwe kwanza.

Kinachonisumbua ni kwamba nambari za mbolea ya NPK (nitrojeni, fosforasi na potasiamu), kama 17:17:17, hazisemi potasiamu imetokana na chumvi ipi. Mkulima wa viazi vya krispi aulize hilo kabla ya kulipa, na muuzaji asipojua, aulizwe mtengenezaji.