Methadoni ifike Masasi na Newala: la kuiga Uingereza na la kuacha

Ndugu zetu wakimwona mteja wa methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) wa huku Uingereza anaingia famasi ya mtaani kwake, anakunywa dozi, anapewa maji, anakwenda kazini, hudhani sheria za huku ni legelege. Sivyo. Ugumu wake hauonekani kaunta, uko kwenye karatasi. Nawaandikia wafamasia, wauguzi na viongozi wa Mtwara na Lindi kwa sababu naamini dirisha la dawa la hospitali ya wilaya linaweza kubeba huduma hii, mradi tuchague vizuri tunachokiiga.

Kwa kanuni za Uingereza za mwaka 2001, methadoni iko Jedwali la 2, orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali, pamoja na mofini. Cheti cha dawa lazima kiwe na jina na anwani ya mgonjwa, anwani ya aliyeandika, sahihi yake kwa wino usiofutika, tarehe, aina ya dawa, nguvu yake, dozi, na jumla kwa tarakimu na kwa maneno. Mgonjwa wa miligramu 60 kwa siku 14 anaandikiwa 840, na pembeni yake mia nane na arobaini. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, mfamasia anaruhusiwa kukijaza na kutia sahihi yake. Ikikosekana dozi, cheti kinarudi kwa daktari, hata kama mgonjwa yuko mlangoni anatetemeka kwa arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa.

Kisha kuna mafungu, yaani dawa ya cheti kimoja kutolewa kidogo kidogo. Uingereza hutumia fomu ya buluu, FP10MDA, inayobeba dawa ya siku zisizozidi 14. Daktari anataja kila fungu ni kiasi gani na litatolewa baada ya muda gani, na fungu la kwanza lazima litoke ndani ya siku 28. Hapa ndipo wengi huumia. Famasi ikifunga Jumapili, fungu la Jumapili lazima liwe limeandikwa litolewe Jumamosi. Mfamasia hana ruhusa ya kuliwahisha kwa huruma. Na mtu aliyepaswa kuchukua fungu la siku tatu Ijumaa, akatokea Jumamosi, kisheria hapewi kitu, isipokuwa daktari ameongeza maneno yaliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani yanayoruhusu kutoa kilichobaki baada ya kupunguza siku iliyopita. Mstari mmoja ukisahaulika, mgonjwa anaimaliza wikiendi kwa muuza unga.

Kanuni ninayoipenda kuliko zote ni ya siku tatu. Mgonjwa akikosa dozi siku tatu mfululizo, dirisha linasimama na daktari anapigiwa simu. Mwili ulioacha dawa hupoteza uzoefu wake upesi. Miligramu 80 alizokuwa akinywa wiki iliyopita bila shida zinaweza kumzimia pumzi usingizini, hasa akiwa amechanganya na pombe au dawa ya kutuliza kama Valium. Kwa hiyo anaanza tena chini. Anayeanza mwanzo kabisa hupewa kati ya miligramu 10 na 30, kisha anapandishwa polepole, kwa sababu methadoni hujikusanya: dozi ya Jumatatu bado imo damuni Jumanne, na kilele cha hatari huja siku kadhaa baada ya kuanza, wakati kila mtu ameshatulia.

Daftari nalo halina mzaha. Kinachoingia na kinachotoka huandikwa siku hiyohiyo au inayofuata. Hakuna kufuta wala kupaka wino mweupe. Kosa linasahihishwa kwa maelezo ya pembeni yenye tarehe. Daftari linatunzwa miaka miwili tangu liandikwe mara ya mwisho. Dawa iliyokwisha muda haimwagwi sinkini. Inaharibiwa mbele ya shahidi aliyeidhinishwa. Na kuna kosa moja linalojirudia: kuchanganya miligramu na mililita. Dawa ya kawaida ya huku ni miligramu 1 kwa mililita 1, hivyo mkono unazoea kuvisoma kama kitu kimoja. Ipo pia ya miligramu 10 kwa mililita. Mililita 60 za hiyo ni dozi kumi kwa mpigo. Rafu moja isiwe na nguvu mbili.

Nisilolitaka kwetu ni chupa za kwenda nazo nyumbani mapema. Huku, kunywa mbele ya mfamasia si amri ya sheria. Ni mpango wa huduma wa eneo husika, na mgonjwa aliyetulia hupewa dawa ya siku kadhaa. Chupa ina kifuniko cha kuzuia watoto, lakini kifuniko kisichofungwa vizuri hakizuii kitu, na miligramu 10 zinatosha kumuua mtoto mdogo. Katika nyumba ya Mikindani ambamo familia tatu zinatumia ua mmoja, chupa hiyo utaiweka wapi?

Hapo Tanzania imetangulia. Tangu huduma ilipoanza Muhimbili mwaka 2011, msingi wake umekuwa kunywa mbele ya mhudumu, kliniki ikiwa na daktari, ushauri, vipimo vya VVU na dawa za TB pamoja. Uzito wa jambo hili wengi hawauoni. Rifampisini, dawa ya TB, huifanya ini ivunje methadoni haraka, na ndani ya siku chache mgonjwa anaamka na arosto ingawa hajakosa dozi. Efavirenzi, dawa ya VVU, hufanya vivyo hivyo. Mfamasia wa mtaani huku, ambaye dawa za TB za mgonjwa hutoka hospitali nyingine, huenda asijue, na mgonjwa akaonekana msumbufu tu. Dirisha linalotoa dawa zote mbili linajua, na linaomba dozi ipandishwe kabla hajarudi maskani.

Lakini kliniki za miji mikubwa hazimfikii mtu wa Nachingwea. Masasi hadi Mtwara mjini ni karibu kilomita 200, na hakuna anayeweza kuzisafiri kila siku kwa ajili ya kikombe kimoja. Pwani yetu, hadi kaskazini mwa Msumbiji, imo kwenye njia ya majahazi yaletayo heroini kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, kwa hiyo tusijidanganye kuwa unga ni tatizo la Dar.

Ninalopendekeza ni hili: daktari wa kliniki aanzishe na kupandisha dozi, kisha mgonjwa aliyetulia ahamishiwe dirisha la hospitali ya wilaya kwa cheti cha mafungu cha siku 14, chenye jina la dirisha lake moja. Maduka ya dawa muhimu yasihusishwe kabisa. Hayana kabati la kufaa wala mfamasia. Msimu wa korosho, watu wanapohamia mashambani, cheti kihamishwe kwa simu kati ya mfamasia na mfamasia, mmoja akifunga jina daftarini kabla mwingine hajalifungua, la sivyo mtu atakunywa mara mbili. Ramadhani dirisha lifunguliwe baada ya magharibi. Dozi ni moja kwa siku, inaingia vizuri baada ya futari, ila siku ya kuhama kutoka asubuhi kwenda jioni itangazwe mapema, maana siku hiyo mgonjwa atakaa saa nyingi zaidi bila dawa. Na kila dirisha liwe na naloksoni, sindano ya kumzindua aliyezidisha dozi, pamoja na mtu anayejua kwamba naloksoni huisha nguvu kabla ya methadoni, hivyo aliyezinduka haruhusiwi kwenda nyumbani. Anabaki chini ya uangalizi na huenda akahitaji kuchomwa tena.